Fundi Aliyeificha Mita

Zamani, ukitaka kazi ya umeme wa boti pale ziwa Singidani, hukuulizwa cheti. Ulihitaji maneno mawili kutoka kinywani mwa mtu mmoja: "Huyu anajua." Akishayasema mbele ya wenye boti, kesho yake unaitwa. Asipoyasema, unakaa ufukweni na begi lako la vifaa na watu wanakupita kama wanavyoyapita mawe, na mawe kwetu Singida hayajawahi kupungua.

Mtu huyo tulimwita Fundi, basi. Jina lake nalijua ila silitaji. Mjini walikuwepo mafundi wengine, wa redio, wa magari, wa nyumba, lakini ukisema Fundi bila kuongeza kitu, kila mtu alielewa ni yule. Mimi niliyataka maneno yake mawili kuliko nilivyotaka nyumba ya bati. Nayaeleza haya nikiwa mtu mzima, nina duka langu na wanafunzi wangu, na sina sababu ya kumpaka mafuta.

Boti zenyewe hazikuwa nyingi. Za kuvulia zenye injini zilikuwa chache, na moja kubwa ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara wa mjini, ya kutembeza watu siku za sikukuu na harusi. Tulimwita Mama Boti. Kila boti ina betri, taa, swichi ya kuwashia injini na pampu ya kutoa maji yanayoingia. Sasa ziwa lile lina chumvi. Waya wa shaba ukikaa nayo msimu mmoja unaota kijani ndani ya ganda lake, na kwa nje unauona mzima kabisa. Hapo macho hayakusaidii. Unahitaji mita, kile kidude cha kupimia umeme chenye kioo cha namba na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

Fundi alikuwa na mita. Akiipeleka kwenye betri aliipa mgongo dunia nzima. Kioo alikiziba kwa kiganja cha kushoto, akachungulia kwa juu kama mtu anayechungulia karata zake, kisha akasema, "Moto upo," au, "Moto hakuna." Namba hukuambiwa. Ukiuliza ni ngapi, alisema, "Ngapi ni yangu. Wewe chukua spana."

Nilikwenda kwake nikiwa na miaka thelathini na mbili, nina mke na watoto watatu. Kabla ya hapo nilivunja mawe kwa nyundo, nikauza kokoto. Shule niliishia darasa la tatu. Nilipomwambia hayo alinitazama mikono, akasema mbele ya watu, "Haya, Mzee wa Kokoto, kaa pale. Usiguse kitu mpaka nikuambie, na sitakuambia leo." Hakuniambia leo wala mwezi ule. Nilibeba betri mgongoni kutoka barabarani hadi majini, nikabandua kutu, nikamshikia boti isiyumbe. Jina la Mzee wa Kokoto likanikaa. Hata wake wa wavuvi waliniita hivyo.

Alikuwa mtu mfupi, msafi kupita kiasi. Mita yake aliivingirisha kwenye sweta la mtoto, la bluu, na kabla ya kuishika alinawa mikono kwa sabuni. Kabla ya kula hakunawa hivyo. Hakunywa pombe. Alikwenda kanisani, akaimba besi, na mkewe alizungumza naye kwa Kinyaturu kwa sauti ya chini, taratibu, hata ukaona aibu kusikiliza. Siku mkewe alipovunjika mguu alimbeba mwenyewe hadi hospitali, akakataa bodaboda, akasema bodaboda inamrusha. Mtu yuleyule alikaa anatutazama mimi na mwenzangu tukipigwa shoti ya waya wa kuwashia injini, ile inayokutetemesha hadi meno, na hakusema neno. Baadaye aliuliza, "Umeonja?" Ukikubali kwamba umeonja, alisema, "Basi, hilo usilisahau." Hayo ndiyo yalikuwa masomo.

Huyo mwenzangu alinitangulia kwa mwaka mmoja. Alikuwa mpole, mtu wa Itigi, ana mwandiko mzuri. Alikuwa na daftari ambamo aliandika kila kitu Fundi alichofanya. Fundi akimwona anaandika alicheka puani. "Andika, andika. Utawasomea samaki."

Mwaka wangu wa pili niliona nikiendelea bila mita yangu nitabaki mbeba betri. Niliuza mbuzi wawili. Nikamfuata Fundi kwa adabu zote, nikamwamkia, nikamwuliza ninunue ipi ya kazi ya boti. Dukani zilikuwa za aina tatu: ya mshale, ya namba ya kawaida, na ile ya kubana, yenye taya kama koleo, ambayo unaubana waya bila kuukata ikakuambia umeme kiasi gani unapita. Alifikiri kidogo, akiwa na uso wa mzazi. Akasema, "Nunua ya kubana. Hiyo ndiyo ya wanaume."

Nikanunua. Siku ya pili akaniita kwenye boti ya Mama Boti, wenye boti wote wapo, wavuvi wapo. "Leo Mzee wa Kokoto anatupimia," akasema. Nikabana waya wa taa, taa inawaka. Mita ikasema sifuri. Nikabana waya wa pampu, pampu inazunguka. Sifuri. Nikabana waya mnene wa betri, injini inanguruma mbele yangu. Sifuri.

"Soma kwa sauti, wazee wasikie," alisema.

"Sifuri."

"Boti imekufa hiyo, Mama. Injini unayoisikia ni shetani."

Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Mama Boti alicheka huku amefunika mdomo kwa kanga, nami nilimwona. Hakuna aliyeniambia kosa liko wapi. Nililijua mwenyewe baada ya muda mrefu, kwa kuulizia hadi Manyoni kwa mafundi wa reli. Mita za kubana za bei ndogo zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, ule unaokwenda na kurudi. Umeme wa betri unakwenda upande mmoja tu, na taya zile haziuoni. Zipo zinazouona, ila lazima uangalie alama kwenye swichi ya mzunguko: kamstari kalikonyooka, kenye vidoti chini yake, ndiyo betri. Kanakojipinda kama mdudu ni umeme wa nyumbani. Ukikuta kanakojipinda peke yake kwenye upande wa kubana, rudisha kabatini. Haya nawaambia bure. Mimi yalinigharimu mbuzi wawili na uso wangu.

Fundi aliyajua hayo tangu mwanzo. Ndiyo maana aliniambia ninunue.

Sasa niwaambie habari ya goti, maana hapo ndipo mtu yule alikuwa mzima mzima.

Akipima betri, Fundi alipiga goti. La kushoto, kila mara. Hata boti ikiwa na kiti kizuri hakukaa. Sisi tulidhani ni heshima ya kazi, au mgongo unamsumbua. Tukaiga. Mwenzangu aliandika kwenye daftari: "Piga goti la kushoto, pima." Nami nilipiga goti. Waliokuja baada yetu wakapiga goti. Mpaka leo ukitembea mjini utamkuta fundi wa pikipiki, amezaliwa juzi, hajamwona Fundi hata siku moja, anapiga goti la kushoto mchangani kupima betri ya pikipiki. Mwulize kwa nini. Atakuambia ndivyo inavyopimwa.

Mwaka wa tano Mama Boti alipata kazi ya harusi. Bwana na bibi harusi walitaka kupigwa picha katikati ya maji, wao na wasimamizi wao. Siku mbili kabla, Fundi alikuwa amekwenda msibani Ikungi, naye Mama Boti akamwambia mwenzangu aipime boti. Nilikuwepo. Mwenzangu alinawa mikono kwa sabuni. Akapiga goti la kushoto kwenye mbao tupu. Akapima betri: kumi na mbili na nusu. Akapima nyaya mwisho wake kwenye pampu, pampu imezimwa: kumi na mbili na nusu. Akasimama, akapangusa suruali, akasema, "Moto upo, Mama." Akasema vizuri kabisa, kwa sauti ya Fundi.

Boti ikatoka. Katikati ya safari maji yakaanza kuingia kwenye ufa wa nyuma, kitu cha kawaida, pampu ipo kwa kazi hiyo. Nahodha akawasha pampu. Pampu ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Boti ikashuka polepole kama mtu anayekaa kitini. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepungua, kwa hiyo hakufa mtu. Walisimama juu ya mwamba, maji ya chumvi yamewafika kifuani, bibi harusi shela linaelea nyuma yake, bwana harusi amenyanyua simu juu ya kichwa isilowe. Barabarani watu walisimamisha magari kutazama. Mpiga picha alikuwa nchi kavu. Aliendelea kupiga.

Fundi alirudi kesho yake. Mama Boti alimkalia kooni mbele yetu sote. "Huyu si mwanafunzi wako? Si umemfundisha wewe?"

Fundi akamtazama mwenzangu muda mrefu. Akasema, "Mimi sikumfundisha, Mama. Alikuwa ananiangalia."

Mwenzangu alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akausoma kimoyomoyo midomo ikicheza, akafunga. Wiki ile alirudi Itigi. Nasikia anauza asali na hagusi waya, hata balbu ya nyumbani kwake inabadilishwa na mkewe. Na mimi, niseme ukweli, siku ile sikumwonea huruma sana. Niliwaza kwamba sasa foleni ya kuyapata yale maneno mawili imebaki na mtu mmoja.

Niliijua siri mwaka wa saba, kwa bahati. Mchana wa jua kali, Fundi yuko nyuma ya boti, amepiga goti, ameziba mita. Mimi nilikuwa mbele nimeshika kamba, nikaegemeza mkono kwenye taa kubwa. Taa ikaniunguza. Nikatazama: inawaka. Katika jua lile huwezi kuona taa inawaka mpaka uiguse. Fundi aliposimama, ikapoa. Alipoondoka nikaenda kupapasa chini ya kiti, pale alipopiga goti. Palikuwa na swichi ya taa, usawa wa goti lake la kushoto, ameifunga mwenyewe.

Nilikaa chini pale. Kumbe alikuwa anaiwasha taa kwa goti ili betri ifanye kazi, ndipo anapima. Betri iliyolala inakudanganya. Inakuonyesha kumi na mbili na nusu kama mgonjwa anayejikaza mbele ya wageni. Ipe mzigo, uone. Nikaijaribu ile ya boti ya jirani, iliyosemwa ni nzima: bila mzigo kumi na mbili na nusu, nikawasha taa ikaporomoka hadi tisa. Waya ulioota kijani nao ni hivyohivyo. Pampu ikizimwa unaonyesha kila kitu, pampu ikiwashwa hauna kitu. Miaka saba nilikuwa napiga goti kwenye mbao tupu.

Nilimfuata nyumbani kwake jioni ileile. Alikuwa anamenya viazi kumsaidia mkewe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nini?"

"Goti."

Kisu kikasimama. Akamwangalia mkewe, akaniangalia mimi. Halafu akacheka, na lile cheko halikuwa la puani.

"Miaka saba," akasema. "Mimi aliyenifundisha alinificha hilo nikamwibia kwa miaka miwili. Wewe kweli ni wa kokoto."

"Mwenzangu ungemwambia, boti ya watu isingezama."

"Ningemwambia angeandika. Mwenye kuandika hana kitu. Akipoteza daftari amekwisha."

"Basi mimi nimeiba. Sema kwa Mama Boti kwamba najua."

Akaendelea kumenya. "Umejua goti. Mengine bado."

"Mengine yapi?"

"Ningekutajia yangebaki?"

Niliondoka kwake nikafungua kibanda changu karibu na stendi. Niliuza mita, fyuzi, nyaya, nikatengeneza chaja za betri. Wenye boti walinunua fyuzi kwangu, lakini boti hawakunipa. Mama Boti alinieleza bila kificho: "Wewe ni mtu mzuri, ila Fundi hajasema." Miaka sita hivyo. Halafu macho ya Fundi yakaanza kuingia ukungu. Nane aliisoma tatu, akachoma injini ya mvuvi mmoja, akachoma nyingine. Ndipo wakaniita. Sikuitwa kwa kuwa ninajua. Niliitwa kwa kuwa yeye haoni, nami nilikuwa karibu. Boti zote za pale nimezishika mimi tangu siku hiyo, hakuna iliyozama mkononi mwangu, na bado kila nikifunga kifuniko cha betri nilihisi kuna mtu nyuma yangu ambaye hajasema.

Mkewe alifariki, yeye akachukuliwa na binti yake Manyoni. Mwaka jana nikasikia anaumwa sana. Nikawaza, akienda nayo hayo maneno nitayapata kwa nani. Nikavaa koti, nikapanda basi na mita yangu ninayoitumia, nikaenda.

Nilimkuta kitandani, amebaki mifupa na masikio. Binti alituletea chai akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mzee wa Kokoto huyo. Sauti hainenepi."

Nikamweleza kila kitu. Boti ngapi, wanafunzi wangapi, na kwamba wanafunzi wangu nawaonyesha kioo cha mita, nawaambia namba. Akasikiliza. Kisha akasema, "Umekuja na mita?" Nikampa mkononi. Akaipapasa kama anamtambua mtoto wa mtu.

"Kwa nini hii? Mtu akija dukani anataka ya boti, unamwuzia ipi na kwa nini?"

Nikajinyoosha. Nilikuwa kama mtahiniwa, mimi mwenye mvi. Nikasema iwe inaona umeme wa betri hata kwenye taya zake za kubana. Iwe na namba mbili baada ya nukta, maana kati ya betri nzima na iliyochoka tofauti ni ndogo. Iwe na ganda la mpira na kifuniko kinachobana, kwa ajili ya chumvi. Ilie inapokuta waya haujakatika, maana ndani ya boti umejikunja huwezi kutazama kioo. Nyaya zake ziwe ndefu na laini, zifike toka betri hadi pampu. Fyuzi yake ya ndani iwe ya kubadilishika. Na bei isikutishe wala isikudanganye.

"Ukiitoa mfukoni, kitu cha kwanza?"

"Naweka kwenye volti za betri."

"Kabla."

Nikaitazama mita mkononi mwake.

"Unagusanisha ncha zake mbili," akasema, "usikie inalia. Waya wa mita nao unakatika. Utapima boti ya watu kwa mita iliyokufa."

Hilo nalifanya kila siku. Mkono wangu unalifanya wenyewe. Kinywa ndicho kililisahau. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona nitafanana na mwanafunzi anayebishania alama.

Nikasema, "Fundi, mimi sasa nina miaka sitini na kitu. Watoto wangu wamesoma kwa kazi hii. Binti yako yupo hapo anasikia. Niambie leo. Mimi najua au sijui?"

Akapapasa waya mmoja wa mita hadi mwisho, kisha wa pili. Binti alisogea, akasema, "Baba, mzee anakuuliza. Mjibu basi, ametoka mbali."

"Namsikia." Akanirudishia mita, akiisukuma juu ya blanketi kwa vidole. "Angekuwa anajua, angepanda basi kuja kuniuliza?"

Binti akainamisha kichwa. Mimi nikamaliza chai, nikaaga. Alikuwa amegeukia ukutani. Mwezi ule alikufa, na sikwenda kuzika.

Ndani ya basi la kurudi nilikaa karibu na kijana mmoja mwenye mabegi, mchangamfu, anayeongea na kila mtu. Mita ilikuwa mapajani mwangu. Akaiangalia, akaniangalia, akasema kwa heshima nzuri, "Shikamoo, mzee. Kumbe wewe ni fundi umeme?"

Nikamwambia, "Marahaba. Mimi nauza mita."